Maswali ya Wasomaji: Kuchuja na Kupanga Barua Pepe za Watu Wengi kwenye Seva Moja

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa wasimamizi wa seva zinazohudumia watu kadhaa au mamia. Mifano yetu inatumia Postfix inayopokea barua, Dovecot inayozitunza, na Pigeonhole, nyongeza inayoiwezesha Dovecot kusoma Sieve, lugha ya kuandikia vichujio. Mwenye mfumo mwingine atakuta amri tofauti, lakini mantiki ni ileile.

SWALI: Ofisini tuko watu arobaini, na kila mmoja amejitengenezea vichujio kwenye programu yake ya barua pepe. Mtu akizima kompyuta jioni, asubuhi simu yake inaonyesha barua zote zimerundikana kwenye kikasha. Wanalalamika kwamba vichujio vimeharibika. Tuanzie wapi?

JIBU: Havijaharibika. Kichujio kilicho ndani ya programu hufanya kazi pale tu programu hiyo inapokuwa wazi na imeunganishwa na seva. Kompyuta ikilala, hakuna wa kuchuja, na simu inaonyesha kile ilichokikuta. Mwenye kompyuta mbili ana taabu zaidi: seti mbili za kanuni zinagombania barua moja, na anayefika wa kwanza ndiye anayeamua.

Hamishieni kazi hiyo kwenye seva, ifanyike wakati barua inapowekwa kwenye kasha la mtumiaji. Hapo simu, kompyuta na tovuti ya barua vyote vitaonyesha folda zilezile. Sieve ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Maelezo yake rasmi ni RFC 5228 ya mwaka 2008. Lugha yenyewe ni ndogo kwa makusudi: haina vitanzi, na kwa kawaida haiwezi kuendesha programu nyingine kwenye seva. Ndiyo maana unaweza kumwachia kila mtumiaji aandike kanuni zake bila kuhofia kwamba ataiangusha mashine.

Postfix lazima imkabidhi Dovecot barua, hapa kupitia LMTP, itifaki ya kufikisha barua kwenye kasha. Kwa watumiaji wenye akaunti za mfumo, kwenye main.cf, faili kuu ya mipangilio ya Postfix, weka:

mailbox_transport = lmtp:unix:private/dovecot-lmtp

Kwa watumiaji wa kufikirika walioorodheshwa kwenye hifadhidata, mstari unaohusika ni virtual_transport, wenye thamani hiyohiyo. Upande wa Dovecot 2.3, washa nyongeza kwenye sehemu ya LMTP:

protocol lmtp {
  mail_plugins = $mail_plugins sieve
}

Ukiwa na Dovecot 2.4, usinakili mipangilio ya 2.3 ilivyo, kwa kuwa namna ya kuiandika imebadilika na seva itakataa kuwaka.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni hili: Sieve imewashwa, skripti ni sahihi, lakini Postfix bado inaandika barua moja kwa moja kwenye folda za mtumiaji. Dovecot haihusiki kabisa, kwa hiyo hakuna kichujio kitakachofanya kazi wala ujumbe wa kosa utakaotokea. Fungua logi ya barua, utafute mstari wa barua moja uliyojitumia. Ukiona relay=local au relay=virtual, tatizo ni hilo. Ukiona private/dovecot-lmtp, halafu chini yake mstari wa Dovecot wenye maneno "stored mail into mailbox", njia ni sahihi, na jina la folda utalikuta papo hapo.

Ili watumiaji waandike kanuni wenyewe, washa ManageSieve, huduma ya kupakia na kuhariri skripti kwenye seva, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti 4190. Roundcube, programu ya kusoma barua kwenye tovuti, kwa mfano, ina nyongeza ya managesieve inayompa mtumiaji fomu ya kujaza, naye haoni hata mstari mmoja wa Sieve. Faida nyingine ni kwamba skripti yenye kosa la uandishi hukataliwa wakati wa kuipakia, hivyo ile ya zamani inaendelea kufanya kazi.

Halafu, siku mnayohamia, kila mtu afute vichujio vya zamani kwenye programu yake. Msiahirishe jambo hili. Vikibaki, vitahamisha barua ambazo seva imeshazipanga, nanyi mtatafuta kosa kwenye seva wakati halipo.

SWALI: Nimeandika kanuni kwamba barua yenye neno "ada" kwenye mada iende folda ya Malipo. Sasa folda hiyo imejaa barua zisizohusika, na nyingine zinatokea mara mbili. Kosa liko wapi?

JIBU: Una makosa mawili tofauti.

Kwanza, kipimo cha :contains hutafuta herufi popote zilipo, haitafuti neno zima. Herufi "ada" zimo ndani ya "shahada", "madarasa", na hata ndani ya neno "mada" lenyewe. Kadiri neno linavyokuwa fupi ndivyo linavyonasa visivyotakiwa. Usichuje kwa mada ikiwa kuna alama ya uhakika zaidi. Barua za mtumaji mmoja zichuje kwa anwani. Barua za orodha ya majadiliano zichuje kwa kichwa cha List-Id, ambacho programu za kuendesha orodha hukiweka kwenye kila barua. Mtumaji hubadilika, mada hubadilika, mpokeaji huandikwa kwa namna nyingi, lakini List-Id hubaki ileile.

Pili, umeandika "if" nyingi zinazofuatana. Kila "if" hupimwa peke yake; barua ikitimiza masharti mawili, itawekwa kwenye folda mbili. Zinazofuata ziwe "elsif":

require ["fileinto", "mailbox"];

if header :contains "List-Id" "majadiliano.kampuni.example" {
    fileinto :create "Majadiliano";
}
elsif address :is :domain "from" "benki.example" {
    fileinto :create "Malipo";
}
elsif header :contains "subject" "[zabuni]" {
    fileinto :create "Zabuni";
}

Tazama mstari wa benki. Tumetumia "address", siyo "header". Kipimo cha header husoma mstari mzima wa From, pamoja na jina la kuonyesha, na jina hilo mtu yeyote anaweza kujiandikia apendavyo. Tapeli akijiita "benki.example" huku anwani yake ikiwa nyingine kabisa, kipimo cha header kingemwingiza kwenye folda ya Malipo, mahali ambapo mtu husoma bila wasiwasi. Kipimo cha address chenye :domain kinaangalia kilicho baada ya alama ya @ pekee. Hata anwani yenyewe inaweza kughushiwa, kwa hiyo ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC (njia za kuthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenye kikoa kinachodaiwa) ufanyike mapema, barua inapoingia. Kichujio hakichukui nafasi yake.

Neno :create hutengeneza folda ikiwa haipo. Bila hilo, jina likikosewa herufi moja, Dovecot haitapata folda na barua itabaki kwenye kikasha. Haitapotea. Hii ni tabia njema ya Sieve: kukiwa na hitilafu au kanuni isipolingana, barua hubaki kikashani. Anayepoteza barua ni yule anayeandika "discard", amri ya kuitupa barua kimya.

SWALI: Nina skripti ya jumla ya kuhamisha barua taka kwa watumiaji wote, na kila mtumiaji ana skripti yake. Kuna mtumiaji anadai kanuni zake hazifanyi kazi kwa barua fulani. Nimeongeza "stop", nimeondoa "stop", hali ni ileile.

JIBU: Tatizo ni mpangilio wa skripti. Dovecot huendesha kwanza zile za sieve_before, kisha ya mtumiaji, mwisho zile za sieve_after. Lakini haivuki kutoka moja hadi nyingine kila mara: huvuka pale tu ambapo skripti iliyomalizika bado inataka barua ibaki kikashani. Skripti yako ya jumla ikishaiweka barua kwenye Junk, safari imekwisha, na skripti ya mtumiaji haifikiwi. "Stop" hufunga skripti iliyomo tu. Haizuii inayofuata wala haiiiti. Ndiyo maana hukuona tofauti.

Kwa barua taka, tabia hiyo ndiyo tunayoitaka. Barua ambayo mtumiaji wako anaitafuta imo kwenye Junk kwa sababu mfumo umeihesabu kuwa taka. Mwambie aitazame huko, airudishe kikashani, na mfumo ujifunze.

Ushauri wetu kwa wasimamizi ni kwamba sieve_before iwe na mambo machache mno: barua taka, na basi. Kanuni za kupanga, kama "barua za mfumo wa mishahara ziende folda fulani", ziwekwe kwenye sieve_after, ili mtumiaji apate nafasi ya kuamua tofauti kwanza. Ukianza kuwapangia watu barua kabla ya kanuni zao, utakuwa unajibu malalamiko ya namna hii kila wiki.

Na kila ukihariri skripti ya jumla, iunde upya ukiwa root:

sievec /etc/dovecot/sieve/taka.sieve

Hapo hutokea faili yenye mwisho .svbin. Usipofanya hivyo, mchakato unaopeleka barua utajaribu kuiunda wenyewe, utanyimwa ruhusa ya kuandika kwenye /etc, nao utaisoma skripti upya kwa kila barua huku ukijaza logi kwa makosa.

SWALI: Anwani yetu ya info@ inagawa nakala kwa wafanyakazi watano. Wakati mwingine mteja anajibiwa na watu wawili kwa bei mbili tofauti. Wakati mwingine hajibiwi kabisa, kila mmoja akidhani mwenzake amejibu. Kuna kichujio cha kutatua hili?

JIBU: Kichujio peke yake hakitoshi, maana mnazo barua tano zisizojuana. Mmoja akijibu yake, wenzake wanne hawana njia ya kujua. Mnahitaji kasha moja linaloonekana na wote.

Ifanye info@ iwe akaunti kamili yenye kasha lake. Washa nyongeza za acl na imap_acl (za ruhusa za folda) kwenye Dovecot, tengeneza namespace (eneo la folda) ya aina ya shared, kisha toa ruhusa kwa kila mfanyakazi, folda kwa folda:

doveadm acl set -u info@kampuni.example INBOX user=mauzo1@kampuni.example lookup read write write-seen write-deleted insert expunge

Usisahau kuweka acl_shared_dict, orodha ya nani amemshirikisha nani folda. Bila hiyo ruhusa zipo, lakini folda hazijitokezi kwenye orodha ya mtumiaji, na utashinda siku nzima ukidhani amri ya hapo juu haikufaulu.

Kisha kubalianeni namna ya kazi. Ndani ya kasha tengenezeni folda ya kila mfanyakazi na folda moja ya Imekwisha, nazo zote zipewe ruhusa kama INBOX (kikasha). Anayetaka kushughulikia barua huihamishia kwanza kwenye folda yenye jina lake, halafu ndipo anajibu. Kilichobaki kwenye INBOX hakina mwenyewe, na kila mtu anakiona. Msitegemee alama ya "imesomwa": kwenye kasha la pamoja alama hiyo ni ya wote, hivyo mmoja akifungua barua kwa udadisi tu, wenzake wataona kana kwamba imeshughulikiwa. Dovecot inaweza kumpa kila mtu alama zake za kusoma kupitia INDEXPVT kwenye mail_location, na kwa kasha la wateja tunaipendekeza.

Baada ya hapo vichujio vinakuwa na manufaa makubwa. Weka recipient_delimiter = + kwenye Postfix, kisha chapisheni info+zabuni@ kwenye nyaraka za zabuni na info+ankara@ kwenye ankara. Zote zinaingia kasha lilelile, na skripti ya akaunti ya info inazipanga kwa kusoma sehemu iliyo baada ya alama ya kujumlisha. Hakikisheni tu kwamba fomu za wateja wenu zinakubali alama hiyo, zipo zinazoikataa.

Wanaolazimika kubaki na mgawanyo wa nakala wajue mtego mmoja. Mtumaji akiiweka info@ kwenye nakala ya siri, anwani hiyo haionekani kwenye To wala Cc, na kichujio cha "to" hakitainasa. Bahasha nayo, yaani anwani ambazo seva hupeana zinapokabidhiana barua, imeshabadilishwa kuwa anwani ya mfanyakazi. Postfix 3.5 na kuendelea inaweza kuongeza kichwa cha X-Original-To chenye anwani ya awali: kwenye master.cf (faili ya huduma za Postfix) ongeza flags=O kwenye huduma ya lmtp, na kwenye main.cf weka lmtp_destination_recipient_limit = 1. Kisha chuja kwa kichwa hicho.

SWALI: Kwa nini tusizifute barua taka moja kwa moja badala ya kuwajazia watu folda?

JIBU: Kwa sababu siku mfumo ukikosea, barua halali itatoweka, mtumaji hataambiwa, na mpokeaji hatajua kwamba aliandikiwa. Hakuna wa kulalamika, kwa hiyo na wewe hutagundua. Hatuoni hali yoyote ya ofisi inayohalalisha "discard" kwa barua za watu wengine.

Gawa barua kwa alama zinazopewa na mfumo wa kupima taka. SpamAssassin, isipobadilishwa, huhesabu barua kuwa taka ikifikisha alama 5. Rspamd, kwa mipangilio yake ya mwanzo, huichelewesha kidogo kwenye alama 4, huiwekea kichwa cha taka kwenye 6, na huikataa kwenye 15. Kukataa huko kufanyike wakati seva ya mtumaji bado iko kwenye mawasiliano, maana hapo mtumaji halali hupata taarifa kutoka kwa seva yake mwenyewe. Ukishaipokea barua, usiirudishe kwa "reject" ya Sieve: anwani za watumaji wa taka nyingi ni za kughushi, na taarifa yako ya kurudisha itamwangukia mtu asiyehusika.

Zilizo katikati ziende Junk:

require "fileinto";
if header :is "X-Spam-Flag" "YES" {
    fileinto "Junk";
}

Hicho ni kichwa cha SpamAssassin. Rspamd inayofanya kazi kama milter (kichujio kinachounganishwa na Postfix) huandika X-Spam: Yes, kwa hiyo angalia barua halisi kabla ya kunakili. Folda ya Junk iundwe na mfumo kwa kila mtumiaji: kwenye mipangilio ya mailbox Junk weka auto = subscribe na special_use = \Junk. Alama ya special_use inaziambia programu za simu kwamba hii ndiyo folda ya taka. Bila hiyo, simu moja hutengeneza "Spam", nyingine "Junk E-mail", na mtu anakuwa na folda tatu za taka asijue aangalie ipi. Hapohapo ongeza autoexpunge = 30d, na hofu ya kujaza diski itaisha.

Ili mfumo ujifunze, tumia imapsieve, nyongeza inayoendesha Sieve barua inapohamishwa kati ya folda: mtumiaji akihamisha barua kuingia Junk, inafundishwa kuwa taka, akiitoa, inafundishwa kuwa halali. Weka sharti kwamba kutoka Junk kwenda Trash kusihesabiwe. Watu wengi husafisha Junk kwa kufuta, na bila sharti hilo kila taka inayofutwa itafundishwa kuwa barua njema, na baada ya muda mfumo utakuwa mbovu kuliko ulipoanza. Kumbuka pia kwamba sehemu ya Bayes ya SpamAssassin, ile inayojifunza kutokana na mifano, haianzi kutoa maamuzi mpaka iwe imejifunza angalau taka 200 na barua halali 200. Kwa ofisi ndogo, watumiaji wote watumie hifadhi moja ya mafunzo. Wakitenganishwa, wengi hawatafikisha idadi hiyo.

SWALI: Baadhi ya wafanyakazi wameweka kanuni ya kusambaza barua zote kwenye akaunti zao za nje. Nyingine hazifiki.

JIBU: Seva yako inapozisambaza, mtumaji kwenye bahasha anabaki yuleyule wa awali, lakini sasa barua inatoka kwenye anwani ya IP ya kwako. Seva ya nje inasoma SPF ya mtumaji, yaani orodha ya IP zinazoruhusiwa kumtumia barua, haikuti IP yako, na ukaguzi huo unashindwa. Barua yenye sahihi ya DKIM ambayo hukuigusa ndani bado hupita DMARC. Isiyo na sahihi, kutoka kwa mtumaji mwenye sera kali, hukataliwa. Mpango wa SRS hurekebisha mtumaji wa bahasha na SPF ikapita, ila DMARC haifaidiki, kwa sababu jina la kikoa halilingani tena na lile la From. Kuna madhara mengine pia: ukisambaza taka, wewe ndiye unayehesabiwa kuwa mtumaji wake.

Jibu bora ni kuongeza akaunti ya ofisi kwenye simu kwa IMAP (njia ya kusoma barua huku zikibaki kwenye seva) na kuacha kusambaza. Kwa asiyeweza, tumia redirect :copy, pamoja na require "copy", ili nakala ibaki ofisini. Redirect tupu haiachi kitu.

SWALI: Nimepanga barua za mkurugenzi vizuri kwenye folda, lakini anasema hazioni kabisa kwenye kompyuta yake.

JIBU: Huenda anatumia POP3, ambayo haijui folda; inachukua kilichoko INBOX tu. Mhamishie IMAP. Kabla ya kuifuta akaunti ya zamani kwenye kompyuta yake, hakikisha barua zilizokwisha kupakuliwa na kuondolewa kwenye seva zimenakiliwa, kwa kuwa ziko hapo tu.

SWALI: Jibu la likizo linawafikia watu wengine na wengine halifiki. Mbona linabagua?

JIBU: Limeundwa hivyo. Kila mtumaji hujibiwa mara moja tu katika siku 7, usipotaja muda mwingine kwa :days. Halijibu barua za orodha wala zilizotumwa na mashine, na ni vizuri, kwa sababu majibu mawili ya kujiendesha yakikutana yanaweza kujibizana bila mwisho. Pia halijibu ikiwa anwani ya mtumiaji haimo kwenye To au Cc. Wenye anwani zaidi ya moja ndio wanaokwama hapo. Ziorodheshe zote kwa :addresses.

SWALI: Vichujio vipya havigusi barua za zamani. Zipo maelfu.

JIBU: Ni kweli, Sieve hufanya kazi barua inapoingia. Kwa zilizopo kuna amri ya sieve-filter. Iendeshe kwanza bila kubadilisha kitu, uone itakachofanya:

sieve-filter -v -u mauzo1@kampuni.example panga.sieve INBOX

Ukiridhika, ongeza -e ya kutekeleza na -W ya kuruhusu kuandika kwenye folda ya asili. Tengeneza nakala ya akiba ya kasha kwanza, na usitumie skripti yenye redirect wala vacation: nakala yako ya panga.sieve iwe na fileinto pekee.